Karatasi ni bei poa. Jibu je?

Ukisoma makala za kisayansi kuhusu vihisi vya kielektrokemia vya karatasi, baada ya kama tano hivi utaijua aya ya kwanza kabla hujaifikia. Kuna nchi zinazoendelea, kuna maabara chache, wataalamu wachache, halafu inaingia karatasi: nyepesi, ipo kila mahali, ukimaliza unaichoma, na gharama yake ni senti tu. Aya ya mwisho nayo unaijua. Kihisi hiki kinaonyesha uwezo mkubwa wa kutumika kule kwenye uhitaji. Sasa "kule" ndiyo huku kwetu, kwa hiyo mimi na wewe tuna haki ya kuuliza maswali mawili matatu kuhusu hizo senti.

Niseme msimamo wangu mapema. Naipenda sana teknolojia hii, na humu ndani nitasifia baadhi ya kazi zake. Ninachokikosoa ni hesabu. Watu wanapiga hesabu ya karatasi na wino, halafu wanaiita gharama ya kipimo. Kumbe kinachokula pesa kwenye kipimo chochote ni ile sababu ya kuliamini jibu lake, na hiyo huwezi kuikuta kwenye jedwali la gharama.

Kwanza tuelewane kifaa chenyewe kinafanyaje kazi. Mwaka 2007 kundi la George Whitesides, Chuo Kikuu cha Harvard, lilionyesha kwamba ukichora mipaka isiyopitisha maji kwenye karatasi ya kuchujia, maji yatajiendea yenyewe kwenye njia ulizoacha, bila pampu, kama chai inavyopanda kwenye andazi ulilochovya. Tone la mikrolita 5 za mkojo lilitosha kupima glukosi na protini kwa pamoja. Jibu lilikuwa ni rangi, na hapo ndipo tatizo lilipo: rangi ya kahawia uliyoiona juani sio ile utakayoiona chini ya taa ya tyubu, na macho yangu sio macho yako.

Mwaka 2009 Wijitar Dungchai na Orawon Chailapakul wa Chuo Kikuu cha Chulalongkorn, Thailand, pamoja na Charles Henry wa Colorado State, Marekani, wakaweka elektrodi juu ya karatasi ya aina hiyo. Wakapima glukosi, laktati na asidi ya yuriki kwenye kipande kimoja. Badala ya rangi ukapata namba: mkondo wa umeme. Elektrodi ni tatu. Ya kwanza ndiyo inayofanya kazi, pale molekuli zinapotoa au kupokea elektroni. Ya pili ni ya marejeo, inakuambia volti zako umezihesabu kuanzia wapi. Ya tatu inafunga mzunguko wa umeme. Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu mkondo wa umeme haujali kama maji yana tope au kama damu ni nyekundu. Mwaka uliofuata kundi la Whitesides likafanya jambo ambalo mpaka leo naliona la akili kuliko mengi yaliyofuata: likachukua mashine ya kawaida ya kupima sukari, ile inayouzwa madukani, na kuifanya isome vipande vyao vya karatasi.

Kwa hiyo wazo ni zuri. Sasa twende kwenye senti.

Kuna jaribio unaweza kulifanya leo jioni. Tafuta penseli ya 6B, ile laini ya wachoraji, rula, karatasi nyeupe na mita ya fundi umeme. Chora mstari wa sentimita 5, pitisha penseli juu yake mara kumi, upime ukinzani. Chora wa pili pembeni yake, kisha wa tatu, mpaka mitano, ukijitahidi kwa uwezo wako wote ifanane. Haitafanana. Ukikandamiza kidogo zaidi namba inashuka, penseli ikiwa butu inabadilika tena. Usidhani nakupotezea muda kwa mchezo wa watoto: zipo makala halali kabisa zinazotengeneza elektrodi kwa penseli juu ya karatasi, na zinafanya kazi. Lakini hiyo mistari yako mitano tayari imekuonyesha tatizo zima la fani hii. Kutengeneza kihisi kimoja kinachofanya kazi ni rahisi. Kutengeneza cha mia mbili kinachofanana na cha kwanza ndiyo shughuli.

Ukifungua makala, tafuta pale walipoandika n = 3. Ipo nyingi tu. Maana yake vihisi vitatu, na mara nyingi vimetengenezwa siku moja, na mtu yule yule, pengine kwenye shiti lile lile la karatasi. Kisha wanasema matokeo yanarudiwa vizuri. Yanarudiwa kwa mkono wa nani? Mwanafunzi yule akihitimu, mkono unaondoka naye. Hata vifaa vinaondoka: njia maarufu ya kuchora mipaka ya nta ilitegemea printa za Xerox za wino mgumu, kundi kubwa la maabara duniani likajenga kazi zake juu ya printa hizo, halafu kampuni ikaacha kuziuza. Basi watu wakarudi kwenye nta ya mshumaa, mihuri na pasi. (Mimi sioni aibu kwenye pasi. Ila niambie ilikuwa na joto kiasi gani na kwa sekunde ngapi.)

Tuchukue kipimo kimoja tukizame: risasi kwenye maji. Ninakichagua kwa sababu risasi haina rangi, haina harufu, na mtoto anayeinywa haonyeshi dalili mpaka ubongo umeshaumia. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Yaani simtanki la lita 1,000 lenye miligramu 10 za risasi, ambazo uzito wake haufikii punje moja ya mchele, tayari liko kwenye mstari.

Kihisi cha karatasi kinawezaje kuona kitu kidogo hivyo? Kwa ujanja wa kukusanya kwanza, kuhesabu baadaye. Unaipa elektrodi volti hasi kwa dakika kadhaa, ioni za risasi zinavutwa na kugandia juu yake kama metali, kwa kawaida pamoja na bismathi uliyoiongeza wewe. Kisha unapandisha volti taratibu. Kila metali ina volti yake ya kuachia, na inapoachia inatoa mruko wa mkondo. Urefu wa mruko unakuambia kiasi. Ni kemia ya kupendeza, na kwenye maji safi ya maabara yenye bafa na risasi peke yake inafanya kazi kiasi cha kukuliza machozi.

Kisima sio maji safi ya maabara. Shaba ikiwepo, nayo inagandia pale pale, inagombania nafasi na bismathi, na mruko wa risasi unapungua. Kihisi kitakuambia risasi ni kidogo kuliko ilivyo. Hebu lifikirie hilo kosa limeegemea upande gani. Kama kingezidisha, ungeenda kupima tena kwa wasiwasi. Kinapopunguza, unaambiwa maji ni salama, unatwisha ndoo, unaenda nyumbani.

Kuna na jambo la elektrodi ya marejeo, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Kwenye benchi la maabara elektrodi ya fedha na kloraidi ya fedha inakaa ndani ya kijibomba chake, imezungukwa na chumvi ya kiwango kinachojulikana. Kwenye karatasi huwa imechapwa kwa wino na mara nyingi iko uchi, inagusana na sampuli moja kwa moja. Volti yake inategemea kloraidi iliyopo kwenye maji hayo. Kloraidi ikiongezeka mara 10, inahama takribani milivolti 59 kwenye nyuzi joto 25. Sasa chukua kisima cha bara chenye maji matamu na kisima cha mwambao ambacho hata chai yake ina chumvichumvi. Tofauti ya mara 10, au zaidi, ni kitu cha kawaida kabisa. Unadhani unapima kwa volti zile zile, kumbe kipimio chenyewe kimesogea, na hakuna taa nyekundu itakayowaka kukuambia. Dawa ipo: ongeza kloraidi ya potasiamu nyingi kwenye kila sampuli ili tofauti ya kisima na kisima imezwe. Sawa. Lakini umeshaongeza kemikali, hatua, na kipimo cha ujazo, na yule mtumiaji "asiye na mafunzo" wa aya ya kwanza ameanza kupotea njiani.

Je, wakaguzi wa majarida hawayaoni haya? Wanayaona, na ndiyo maana makala nyingi zina jedwali la "sampuli halisi". Hilo jedwali lisome polepole. Mara nyingi mtafiti amechota maji ya bomba ya chuo chake, akapima, hakuna risasi. Akaongeza risasi kiasi anachokijua, akapima tena, kihisi kikarudisha asilimia 98. Jedwali zima limepangwa 97, 102, 99, linapendeza. Ila risasi aliyoimimina ni ioni huru, mbichi, haijapata hata muda wa kuzoeana na maji yale. Risasi ya kisimani imekaa na mabaki ya majani yaliyooza na chembe za udongo, imeng'ang'aniwa, na sehemu yake haiwezi kuifikia elektrodi mpaka uichemshe na asidi kwanza. Kwa hiyo asilimia 98 ile imejibu swali ambalo hakuna mwanakijiji aliyeliuliza. Jaribio lenye maana ni kuchukua maji ambayo tayari yana risasi, bila kujua kiasi gani, ukayagawa chupa mbili: moja kwenye karatasi, nyingine kwenye mashine ya ICP-MS, na anayesoma karatasi asijue jibu la mashine. Makala zinazofanya hivyo zipo, na ukikutana nayo moja unaijua mara moja, kwa sababu namba zake ni mbaya kidogo.

Kama unaona nashupalia mambo madogo, mfikirie mkazi wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichafua mtaa kwa risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea kupanda mpaka Mahakama ya Juu. Kwenye kesi ya namna ile kila namba ya risasi inaulizwa imepimwa na nani, kwa chombo gani, na chombo hicho kilithibitishwa lini. Mkazi mwenye kihisi cha senti kumi ambacho hakuna aliyekithibitisha, wakili wa upande wa pili atammaliza ndani ya dakika mbili.

Usije ukasema vihisi vya aina hii haviwezekani. Tunacho kimoja tayari, kipo kwenye duka la dawa lililo karibu nawe: stripu ya kupimia sukari. Ni ndugu wa damu wa karatasi yetu, isipokuwa kitako chake ni plastiki; kaboni iliyochapwa, kimeng'enya, kemikali ya kubeba elektroni, basi. Wazo la kuunganisha kimeng'enya na elektrodi lilitolewa na Leland Clark na Champ Lyons mwaka 1962. Kalamu ya kwanza ya kupimia sukari kwa njia ya umeme, ExacTech, ikaingia sokoni 1987. Miaka 25 hapo katikati haikupotea kwa sababu plastiki ilikuwa ghali.

Na hata baada ya kuingia sokoni, mambo hayakuisha. Aina moja ya stripu ilitumia kimeng'enya ambacho hakikuweza kutofautisha glukosi na maltozi. Kwa watu wengi hilo halina shida. Ila wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa kutumia maji yenye ikodekstrini wanabaki na maltozi nyingi mwilini. Mashine ikasoma sukari iko juu wakati iko chini, wagonjwa wakapewa insulini. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo ikitaja vifo 13 vilivyohusishwa na kosa hilo tangu 1997. Hicho ni kihisi kilichokomaa, kina kiwanda, kina wakaguzi, kimetumiwa na mamilioni ya watu. Kwa sasa kiwango cha kimataifa cha ISO 15197, toleo la 2013, kinataka asilimia 95 ya majibu yawe ndani ya asilimia 15 ya ukweli pale sukari inapofika miligramu 100 kwa desilita au zaidi. Soma tena: asilimia 95 ya majibu, sio wastani wa vitatu.

Stripu hiyo hiyo inatufundisha na somo la bei, na hapa ndipo hoja ya senti inapovunjika kabisa. Malighafi ya stripu moja nayo ni kidogo sana. Nenda ukaulize kichupa cha stripu 50 ni shilingi ngapi. Wapo watu wengi ambao mashine wanayo kabatini, betri nzima, ila stripu ziliisha na hawajanunua nyingine. Tofauti kati ya gharama ya kaboni na bei ya kichupa imelipia udhibiti wa ubora, vibali, usafirishaji, na ndiyo, faida pia, nono tu. Karatasi badala ya plastiki inapunguza kipande kidogo mno cha hesabu hiyo. Kwa hiyo mtafiti akiniambia kihisi chake ni dola 0.05, ninamuelewa kama fundi anayenitajia bei ya misumari nilipouliza bei ya nyumba.

Bado hatujaigusa mashine ya kusomea. Karatasi peke yake haisemi kitu, lazima kuwe na potenshiostati, kifaa cha kutoa volti na kusoma mkondo. Ile ya mezani maabara ni maelfu ya dola, na kwenye makala nyingi ndiyo iliyotumika, ikionekana pembeni ya picha huku jedwali la gharama likiwa limeisahau. Vigezo vya vipimo bora vinavyofahamika kama ASSURED, vilivyotoka Shirika la Afya Duniani, vina herufi E inayodai kipimo kisihitaji mashine. Karatasi ya kielektrokemia inafeli hapo kwa asili yake, na hiyo sio dhambi, mradi useme.

Na wapo waliosema. CheapStat, iliyotolewa 2011 na watu wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ilikuwa potenshiostati ya chini ya dola 80 ambayo michoro yake iliwekwa wazi ili mwanafunzi yeyote aiunde. Mwaka 2014 kundi la Whitesides likaleta uMED, yenye vipuri vya karibu dola 25. Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote kwenye uwanja huu, na sababu haina uhusiano na karatasi. Walijiuliza mtu wa kijijini ana nini mkononi, wakaona ana simu ya kitochi, sio simu janja. Basi kifaa kikachomekwa kwenye tundu la hedfoni, kikageuza matokeo kuwa sauti, na sauti ikasafiri kwa simu ya kawaida kabisa mpaka kwenye kompyuta ya mbali. Kikawekewa na mota ya kutetemesha ili kuchanganya sampuli, kwa sababu mtu akitikisa kwa mkono kila mmoja atatikisa anavyojua. Hapo umeona watu waliomfikiria mtumiaji hadi kwenye kiganja chake. Sukari wakaipima kwa stripu za kawaida za dukani. Hawakung'ang'ania karatasi pale ambapo plastiki iliyothibitishwa ilikuwepo.

Nikirudi huku kwetu, wengi wetu tunaofanya shahada za uzamili kwenye eneo hili tunaiga makala zile zile: tunaongeza nano-chembe mpya, tunashusha kiwango cha chini kinachoonekana kutoka mikrogramu 0.5 hadi 0.2 kwa lita, wakati mstari unaotuhusu ni 10. Tunashindana mbio ambazo hakuna mgonjwa aliyezihitaji, na tunashindana na watu wenye hadubini kutuzidi. Tulichonacho sisi na wao hawana ni visima vyenyewe. Tuna maji ya chumvi ya mwambao, tuna maji ya floraidi ya Bonde la Ufa, tuna mito iliyopita kwenye machimbo ya dhahabu yanayotumia zebaki. Mradi ninaotamani mtu auandike hauna nano-chembe hata moja. Chukua kihisi cha karatasi kilichokwisha kuchapishwa na wengine. Tengeneza 200, kwa mikono ya watu wanne, kwa wiki tano tofauti. Nusu viweke kwenye friji, nusu kwenye bati la biskuti juu ya kabati la zahanati, miezi sita, masika yapite humo. Kisha mpe mjumbe wa kamati ya maji, baada ya kumfundisha asubuhi moja, apime visima 40 ambavyo chupa zake za pili zimeenda maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Andika vihisi vingapi vilikufa, vingapi vilidanganya, na vilidanganya kwa upande gani.

Hizo ndizo namba ninazozitafuta kila nikifungua faili la viambatisho la makala mpya. Mara nyingi ninachokikuta ni picha nzuri ya hadubini ya elektroni ya nyuzi za karatasi.